Kabati la Chelimo

Kijiji kizima cha Kiptere kilijua kwamba kwa Chelimo mgeni halali njaa. Kwenye kona ya jikoni hakukukosa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mala yenye mkaa, kimefichwa kikingoja mtu atakayebisha hodi ghafla. Kila asubuhi alichuma majani ya chai na Fancy, mke wa mwanawe Kipruto, kisha akaenda hospitalini. Alikuwa muuguzi mkuu wa wadi ya wazazi.

Huko nako alificha. Kabati lake lilijaa glavu hadi mlango ukakataa kufunga. Hakuwa mwizi hata kidogo. Alikuwa amechoka kuzalisha akina mama bila vifaa.

Mwaka huo hospitali ilianza kutumia programu ya akili mnemba katika ununuzi wa vifaa na dawa. Bilhah, mfamasia, aliwaeleza wauguzi kuwa programu hiyo husoma vifaa vilivyotoka stoo, idadi ya wagonjwa na majira ya mvua inayoharibu barabara. Kisha hushauri kiagizwe nini, na lini. Chelimo alipiga makofi, akarudi kuficha glavu zake.

Fancy alikuwa na mimba ya miezi minane. Uzazi wa kwanza alivuja damu nusura afe. Chelimo akaenda stoo kuulizia dawa ya kuzuia damu. Haikuwepo. Zilikuwepo glavu tele. Hofu ikamshika, kisha hasira.

"Hiyo mashine yako ni ya bure, daktari," alimwambia Bilhah. "Inanunua glavu tu."

"Na nani anamaliza hizo glavu, Mama Kipruto?"

Chelimo akamwongoza hadi wadini. Kisha akafungua kabati. Bilhah alicheka hadi akatafuta kiti.

"Kompyuta haioni ndani ya kabati yako," alisema. "Glavu zikitoka stoo, inafikiri zimetumika. Inasema tununue zingine. Na mimi nikakubali tu, sikukuja kuangalia. Pesa ya dawa ikaishia hapa."

"Nisipoficha, zikiisha je?"

"Tukiiambia ukweli, itatuonya mapema."

Chelimo aliona haya, lakini ndiye aliyebeba boksi la kwanza kurudisha stoo. Wadi nyingine nazo zikatoa dripu na sindano zilizofichwa chini ya vitanda, watu wakachekana wee! Tangu hapo kila wadi huandika ilichotumia kwa wagonjwa, na Bilhah hupita kujionea kabla ya kuagiza.

Mwezi uliofuata Fancy alijifungua alfajiri, hapo wadini. Damu ikaanza kutoka kama mara ya kwanza. Chelimo akafungua friji ya wadi, akaikuta dawa ya kuzuia damu iliyoagizwa safari hii, akamdunga. Damu ikapungua, ikakoma. Mtoto wa kike alilia kwa nguvu, na nyanya yake akalia kumshinda.

Jumamosi Bilhah alibisha hodi bila taarifa, amekuja kumwona mtoto. Chelimo akaingia jikoni, akatoka na kibuyu.

"Hiki nacho umekiandika?" Bilhah akamtania.

"Hospitali nimeacha kuficha," Chelimo akajibu, akimmiminia. "Hii nilikuwa nimekufichia wewe."