Baada ya Sindano ya Sitini

Jumamosi ya mwisho wa Machi 1974, stesheni ya Kilosa ilijaa watu hadi kwenye ngazi. Treni ya Mikumi ilikuwa imeingia, ya Morogoro haijaondoka, na kila mtu alikuwa na haraka na mzigo wake. Filomena alisimama kwenye dirisha la tiketi akiwa na gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, kilemba cha kitambaa hichohicho, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo.

"Kimamba, kwenda na kurudi," alimwambia karani.

Kijana mrefu aliyekuwa watu watatu nyuma yake akaacha foleni. Alivaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, iliyonyooshwa kwa pasi, lakini kucha zake zilikuwa na grisi isiyotoka.

"Samahani dada. Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Kaka, una akili timamu kweli?"

"Basi, ni wewe! 'Kilosa hapa, namba tafadhali.' Mimi ndiye gereji ya Mikumi."

Filomena alicheka kabla hajajizuia. Alikuwa opereta wa simu katika posta ya Kilosa kwa mwaka wa tatu, na sauti hiyo aliijua: nzito, yenye lafudhi ya Tukuyu, isiyo na haraka hata anapoomba gari la kuvuta lori lililopinduka. Mwenyewe aliitwa Lupakisyo, fundi wa malori kwenye barabara kuu ya Zambia.

"Nilidhani una miaka hamsini," Filomena alimwambia.

"Na mimi nilidhani wewe ni bonge la mama. Tumepunjana wote."

Tangu siku hiyo simu ya gereji ilianza kufanya kazi isiyo yake.

"Kilosa hapa."

"Nipe Morogoro, mpenzi."

"Namba ngapi?"

"Yoyote isiyopatikana. Tuisubiri wote wawili."

"Lupa, kuna watu wenye shida wanasubiri laini."

"Mwenye shida kunizidi mimi ni nani?"

Jumapili alikuja kwa treni. Walitembea hadi daraja la Mkondoa, wakala mishikaki karibu na soko, wakabishana kama watoto wao watazungumza Kinyakyusa au la. Kufika Krismasi alikuwa ameshawaandikia wazee wake Tukuyu kwamba wajiandae kuja kuposa.

Februari mwaka uliofuata Filomena alianza kukohoa. Mwezi Machi alikohoa damu kwenye leso, mbele ya mitambo ya simu. Hospitali ikasema ni kifua kikuu, wakamlaza, na kila asubuhi akachomwa sindano. Lupakisyo alikuja mara mbili. Wauguzi hawakumruhusu kuingia wodini, akabaki uani akimpungia mkono kupitia dirishani.

Kwenye wiki ya sita, masikio yalianza kulia kama nyenje wa kiangazi. Akipita kwenda bafuni ilimbidi ashike ukuta. Alidhani ni udhaifu, hakumwambia mtu. Sindano ya sitini ilipomalizika, kifua kilikuwa safi. Daktari alimwonyesha picha, akatabasamu, midomo yake ikacheza kwa muda mrefu. Filomena hakusikia hata neno moja. Sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilibakiwa na kidogo, kama mtu anayezungumza nyumba ya tatu.

Dawa iliyomponya ndiyo iliyofanya hivyo. Walimwandikia kwenye karatasi: hutokea kwa baadhi ya watu.

Alirudi Kimamba kwa mama yake, Yudith. Majirani walikuja kumpa pongezi. Wengi waliougua ugonjwa ule hawakurudi, kwa hiyo walimshika mikono, wakamshukuru Mungu, wakamletea mayai. Filomena aliitazama midomo yao, kisha akaingia ndani akalala akiwa ameelekea ukutani.

Hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipoanza, nao haukuwa na picha ya kuonyeshwa na daktari. Aliacha kuchana nywele. Alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Mama yake alikwenda shamba la kijiji alfajiri, akirudi alasiri alimkuta palepale, na kanga ileile.

"Umeshapona, mwanangu. Mbona unajizika?" Yudith alimpigia kelele sikio la kushoto.

Filomena hakuwa na huzuni hasa. Alikuwa hana kitu. Kuna asubuhi alizofumbua macho na kujuta kwamba ameamka.

Agnesi, opereta mwenzake, alipokuja kumwona, Filomena alimshika mkono kwa nguvu.

"Akipiga Lupakisyo, mwambie nimeolewa."

Agnesi alitikisa kichwa.

"Mwambie. Atahangaika na kiziwi asiyeoga kwa nini?"

Agnesi akasema kama alivyoambiwa. Upande wa Mikumi simu ikakatwa. Kwa miezi mitatu gereji iliomba namba na kushukuru, basi.

Majirani wengine walisema binti amerogwa. Yudith hakwenda kwa mganga. Alikwenda zahanati, kwa tabibu aliyeitwa Kondo, mtu mfupi asiyependa maneno mengi.

"Hajarogwa, wala si mvivu," Kondo alisema. "Mwili ukipigwa hivyo, moyo na akili navyo huumia, tena huchelewa kupona. Mlete kila Jumatano. Na usimwache peke yake kutwa nzima."

Jumatano ya kwanza Filomena alikaa nusu saa bila kusema neno. Ya pili alilia. Ya tatu aliandika kwenye daftari la Kondo: *Naogopa kila siku.* Kondo akaandika chini yake: *Kesho fika sokoni urudi. Basi.* Alifika sokoni, akarudi, akalala kutwa. Kesho yake akaenda tena.

Agosti, Agnesi alishindwa kuvumilia. Gereji ilipoomba Morogoro, alimwambia fundi kila kitu.

Jumapili iliyofuata Lupakisyo alisimama mlangoni pa Yudith, shati limelowa jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko uani. Sikio la kushoto, baba."

Filomena alikuwa anachambua mchele. Alipoinua macho, ungo ulimteleza.

"FILO!" Lupakisyo alinguruma.

"Usinipigie kelele. Mimi si mbuzi."

Akachutama upande wa kushoto, akasema polepole. "Nani amekuoa?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini uliniua ukiwa unajua niko hai?"

"Wewe bado unayo sauti yangu. Mimi ya kwako sina tena. Ndiyo hii tu, inatoka mbali, kama ya mtu mwingine."

"Itazoeleka."

"Si sikio tu, Lupa. Kuna siku sitaki kuamka. Zinakuja bila sababu. Sijui kama zitaisha."

Alitegemea aambiwe zitaisha. Lupakisyo aliokota punje za mchele mavumbini, moja moja.

"Hizo siku niambie," alisema mwishowe. "Hasira yangu ni kwamba ulifunga mlango. Sasa nikuulize: nilete wazee?"

"Niulize Desemba. Nikifika huko nikiwa bado nataka kuishi, nitakujibu."

"Desemba," alisema, kama anayeandikisha namba.

Septemba posta ilimpa Filomena meza ya kupanga barua. Wiki ya kwanza alitamani kukimbia kila alipoona wateja wakichezesha midomo dirishani. Siku mbili za Oktoba hakutoka kitandani kabisa, na zote mbili alimwandikia Lupakisyo mstari mmoja: *Leo ni siku ile.* Jumapili alikuja, hakuhoji, wakakaa daraja la Mkondoa wakila karanga.

Mwisho wa Novemba Lupakisyo alijaribu. "Kwa hiyo mpenzi, wazee wangu..."

"Tulisema Desemba."

"Imebaki wiki moja!"

"Basi ngoja wiki moja, bwana. Una haraka ya wapi?"

Tarehe mosi Desemba, Lupakisyo alikuwa chini ya lori la mafuta filimbi ya mapumziko ya chai ilipokuwa imeshalia. Mtu wa posta ya Mikumi alimshika mguu akamvuta nje. Kulikuwa na telegramu kutoka Kilosa, ya maneno matatu, naye akaisoma akiwa amelala chali kwenye changarawe:

NJOO NA WAZEE.