Buriani ya Msuka

Haya alinisimulia Khatib mwenyewe, rafiki yangu wa Gando, nami simjui kwa uongo. Ilikuwa mwaka 1961, wiki ya mwisho kabla hajaenda Uingereza kusomea shahada ya pili. Bahati zilimfuata mfululizo. Alipata ufadhili aliokuwa ameshaukatia tamaa, pasipoti ikatoka kwa siku tatu, na mama yake, aliyekuwa hajiwezi kitandani tangu Ramadhani, akainuka akapika. Khatib alizipokea habari hizo bila hata kutabasamu. "Nilikuwa kama nimekufa ganzi," aliniambia.

Mama yake akamtuma kijiji cha Msuka akamuage shangazi yake, Bi Mwanapili. Alifika alasiri katikati ya mvua kubwa, wingu limetanda, kiza kama magharibi. Mlango ulikuwa umefungwa na ndani hamna taa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Khatib, shangazi. Nimekuja kukuaga."

Maji yalichuruzika kwenye makuti. Kisha Bi Mwanapili akasema kwa upole, "Khatib yumo humu ndani, baba. Amekuja tangu adhuhuri, tumekula pamoja. Wewe nani?"

Khatib anasema hakuogopa wala hakukasirika. Alisimama tu, maji yakimwingia shingoni. Akamsikia shangazi yake akiuliza huko ndani, "Khatib, mwanangu, unamjua huyu?"

Kutoka gizani ikajibu sauti yake mwenyewe Khatib, ile ile anayozungumza nayo kila siku: "Simjui. Usimfungulie."