Kisu Kilichoacha Uzi Mmoja

Kamba ya ndama ilikutwa imekatwa mchana wa jua kali, na kila mtu akamlaumu panya. Panya wa Dutwa wana sifa zao mbaya, lakini panya hutafuna. Kamba hii ilikuwa imekatwa safi, na uzi mmoja tu ulibaki ukiunganisha pande mbili. Mayige aliugusa ule uzi kwa kidole, akaugusa tena. Mkewe, Wilhelmina, alidhani anasikitikia kamba.

Ulikuwa ule msimu wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba na chama cha ushirika, watu wakalima hadi uani. Nyumba ya Mayige ilikuwa na furaha nyingine pia. Binti yao Kabula alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe, kule Nyalikungu, ili ajifungulie mtoto wa kwanza kwa mama yake, na tumbo lilikuwa limeshashuka.

Baada ya ndama ikafuata kamba ya ndoo ya kisimani. Halafu kamba za kitanda cha Mayige mwenyewe ziliachia amejinyoosha baada ya ugali, akatua sakafuni na godoro lake. Kabula alicheka mpaka akashika mbavu. Mayige hakucheka, maana zile kamba nazo ziliacha uzi mmoja, na chumba kilinuka udongo mbichi, udongo wa chini kabisa, wakati mvua ilishakatika tangu Mei.

Mkato ule aliujua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Kisu alikifua mwenyewe ujanani, kwa springi ya lori, akifundishwa na babu yake Luhende aliyekuwa mhunzi. Mpini aliuchonga kwa pembe ya ng'ombe. Karibu na ncha alipiga nyundo vibaya, pakabaki pengo dogo, na tangu hapo kila kilichokatwa na kisu hicho kilibakiwa na uzi mmoja. Kaka yake Jilala alikuwa akimtania kwamba amefua kisu chenye huruma. Na Jilala ndiye aliyekufa nacho.

Walikuwa wanachimba kisima mwaka wa njaa. Jilala alikuwa chini, akikata mizizi kwa kile kisu. Mayige alikuwa juu, kamba ya kaka yake ameifunga kiunoni. Kuta zikaporomoka. Uzito ukaanza kumburuta Mayige kuelekea kwenye shimo, akashika majani, majani yakang'oka. Ndipo akasikia sauti kutoka chini, tulivu kabisa: "Usiogope, mdogo wangu. Nimeshakata."

Kamba ikalegea. Baba yao alisema kisima hicho ndicho kaburi, familia ikahama, mahali pakawa itongo, kama wanavyoita huku boma lililoachwa. Yale maneno ya mwisho Mayige hakumwambia mtu yeyote, hata Wilhelmina.

Wilhelmina alisema hilo ni jini, akamwita katekista Kristofa, wakasali na kunyunyiza maji ya baraka kila pembe. Kesho yake mchana, akichambua pamba kivulini, alisikia mtu akihema nyuma yake kama anayevuta mzigo. Rozari ikamwagika kifuani. Msalaba peke yake ulibaki unaning'inia, kwa uzi mmoja. Tangu hapo mama yule, aliyekuwa akiwacheka waendao kwa waganga, alimtuma mumewe mwenyewe kwa mganga.

Bibi Nyanjige, mganga wa Nyashimo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Angekuwa na hasira, ng'wanawane, mwanangu, tungempa pombe na mbuzi, akatulia," alisema. "Huyu anawapenda. Anayekupenda utamfukuza na nini? Bado yuko kwenye ile kazi, akiona kamba anaona mtu anavutwa. Katafute kisu chako. Kikirudi mkononi mwako, huenda akajua kwamba ulipona."

Kisha akamuuliza nyumbani kwake kimebaki nini kilichofungwa. Mayige alianza kutaja mbuzi, na mlango wa ghala, halafu akakumbuka tumbo la binti yake na kamba iliyomo ndani yake. Njia nzima ya kurudi alikuwa analia, mtu mzima na mvi zake.

Itongo alilikuta limelimwa. Marcelo, mwenye shamba sasa, alikuwa amefyeka msimu huo minyaa yote ya ua wa zamani ili aongeze pamba, na hakuna aliyejua tena kisima kilikuwa wapi. Ni mtu mwema, aliwaruhusu wachimbe hata kwenye matuta yake. Mayige na mkwewe Luhaga walitoboa shamba lile huku na huku, mpaka wakapata udongo laini uliotitia. Siku walipokaribia chini, Kabula alikuwa ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Mayige alifunga kamba kiunoni akashuka, Luhaga akaishika juu, na jua lilikuwa utosini.

Kwanza aliona kipande cha kamba ya zamani, kimeoza, kisha mifupa ya mkono, akaifukua kwa kucha, polepole, akimwita kaka yake kwa jina na kumwambia nimepona, Jilala, nimezeeka, nina watoto, niachie kisu changu, na vidole vilikuwa vimekunjwa kama vilivyoshika mpini, akavifunua kimoja kimoja huku harufu ya udongo mbichi ikizidi kumkaba, na alipofunua cha mwisho hapakuwa na kitu, na kitu baridi kikampita begani kikipanda juu kuelekea kwenye mwanga, kikihema.

Luhaga alimvuta. Walikimbia bila kusemezana.

Wilhelmina alikuwa ameketi mlangoni, mapajani ana furushi la kanga lisilotikisika. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alitoka mara moja tu kuchukua maji ya moto. Wembe ulikuwa bado kwenye karatasi yake. Aliporudi mtoto alikuwa ameshatoka na damu imeshamwishia, kitovu kimekatwa, kimebakiwa na uzi mmoja.

Ndani, Kabula alikuwa amelala mtulivu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Baba, ameingia kijana wa matope," alinong'ona. "Amefanana na wewe. Akanishika mkono akasema nisiogope, ameshakata."

Mayige alimuuliza yule kijana ameelekea wapi.

"Hajaondoka," alisema Kabula, akitazama kiuno cha baba yake. "Anaiangalia hiyo kamba yako."

Mayige hakuifungua. Alikaa chini kando ya binti yake, kamba ikiwa bado kiunoni, akangoja kaka yake aikate.