Mawe Yaliyoazimwa kwa Jina la Mwanarusi

Ukishaanza kunitazama kwa jicho hilo la pembeni, bora niache. Simu yako inakuonyesha theluji ya Ulaya nawe unaiamini, na hujapata kuishika hata siku moja. Nikikwambia jambo lililotokea Bodo, mwendo wa pikipiki tu kutoka hapa ulipokalia kigoda changu, unanigunia. Guna basi, lakini sikiza. Na nikimaliza usiniulize kama ni kweli, maana Mwanarusi binti Abdulwahab yu hai na ana mdomo. Nenda kamuulize yeye.

Lilianza na maji ya kuoshea mchele. Mwanarusi alichota mtungini, akamimina kwenye sufuria, akasita. Maji yalinuka dawa. Si dawa ya hospitali, ni ile nyeupe wanayotia kwenye mabwawa ya kuogelea ya Diani, inayochoma pua na kupausha nguo. Na chini ya ile dawa, kwa mbali, marashi.

Akamwita mumewe, Chirau, aliyekuwa barazani akivua viatu vya kazi, akamuuliza kama alinawia mikono mtungini. Chirau akasema hakunawa. Akaja, akainama, akanusa, uso ukamshuka.

"Mwaga," akasema. "Mwaga yote, usiyanywe."

Hakueleza kwa nini. Lakini alijua. Mtu yule alijua tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo linaloniudhi hata leo.

Chirau alikuwa fundi wa kingo za mabwawa. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Mabwawa mengi ya Diani ni ya saruji na vigae, lakini lile la jumba alilokuwa akilitengeneza lilikuwa la laina, yaani kuta zake zimevishwa plastiki nene ya buluu, na upindo wa juu wa plastiki hiyo unabanwa na reli ya aluminiamu. Juu ya reli ndipo yanapolala mawe ya ukingo, ambayo mafundi huyaita kopingi. Mawe yakipasuka reli hulegea, na laina huteleza kama suruali isiyo na mkanda. Basi mizizi ya mlangilangi ilikuwa imeyapasua ya zamani, na Mzungu mwenye jumba akataka mapya. Mapya, lakini yaonekane ya kale. Chirau akampelekea mawe ya machimboni, akayakataa, meupe mno. Akampelekea ya saruji, akayakataa, yanaunguza nyayo. Alitaka matumbawe yaliyokwishakanyagwa. Akasema akikosa atamleta fundi kutoka Mombasa.

Sasa, Bodo, nyuma ya mikoko, kuna mzimu. Ni pango dogo la matumbawe ambapo wanawake huenda kuweka nadhiri. Mashehe wanakataza, na wanawake wanaitikia ndiyo shehe, kisha wanakwenda. Mwanarusi alikaa miaka bila mtoto, akaenda pale, akampata Twaiba, na tangu hapo hakukosa mwaka kupeleka marashi, ubani na kitambaa cheupe. Mbele ya pango pametandikwa mawe mapana, laini kama sabuni iliyotumika. Yamelainishwa na magoti ya wanawake, mama kwa binti, hata hakuna anayejua walianza lini. Chirau aliyaona siku alipombebea mkewe kapu. Mwenzake aliomba dua, yeye akapima mawe kwa macho.

Akayarudia peke yake alasiri moja, na mtaimbo mkononi. Gari la kukodi likamngoja barabarani. Hata yeye hakuthubutu kung'oa bila kuomba. Na pale, kwa desturi, huombi kama mpita njia. Unajitaja jina na jina la baba yako, unasema nimekuja, mnanijua. Chirau alichoma ubani, akafungua mdomo ajitaje, na moyo ukamrudi nyuma. Akajiambia, hawa hawanijui mimi, wanamjua mke wangu. Hivyo ndivyo alivyojidanganya. Ukweli ni kwamba aliogopa, akatafuta mtu wa kusimama mbele yake, na aliyemkuta karibu ni mama wa mtoto wake.

Akasema, "Nimetumwa na Mwanarusi binti Abdulwahab. Anaazima mawe haya. Mnamjua."

Kisha akatia mtaimbo.

Umeelewa sasa kwa nini alitaka maji ya mtungi yamwagwe. Alikuwa amekwisha kuyapanga mawe kuzunguka bwawa, Mzungu kayasifu kwenye simu kutoka kwao, na jina la Mwanarusi limebaki kule pangoni.

Baada ya mtungi ikaja sauti. Magharibi, adhana imekwisha, Chirau yuko msikitini, Mwanarusi anafunga dirisha. Akasikia mwanamke uani akimwita kwa jina kamili, taratibu, kama mgeni mwenye adabu asiyetaka kusumbua. Hakuna hodi, hakuna salamu. Kila mtoto wa pwani anafundishwa kwamba ukiitwa saa ile bila hodi hujibu. Mwanarusi alifundishwa kama wengine. Lakini aliniambia sauti ile ilimwita kama anavyokuita mtu aliyekulea, akasikia ulimi wake mwenyewe umekwisha kusema labeka.

Tangu jioni hiyo akaanza kulowa. Aliamka nywele zikichuruzika maji na mto mkavu. Vidole vyake vikakunjamana kama vya mtu aliyeshinda kisimani akifua, na havikukunjuka, hata akikaa juani. Akawa hali, akiambiwa ale anasema ameshiba maji. Bibi yake Twaiba, mama wa Mwanarusi, akaja kutoka Jego akamchukua mtoto, akamtazama mkwewe Chirau, akamuuliza kuna nini humu ndani. Chirau akasema labda malaria.

Hata hivyo akaenda kazini. Alikuwa amebakiza kuziba nafasi kati ya jiwe na jiwe, na nadhani pia alitaka kuwa mbali na kile kitanda. Mlinzi wa jumba lile alikuwa Kavumbi, Mkamba wa Kitui, aliyekuja pwani kutafuta kazi akaipata pamoja na maneno ya vijana wa Ukunda. Asubuhi hiyo Kavumbi hakuwa amekaa kibandani kwake. Alikuwa amesimama nje ya lango, amevaa koti, jua linawaka.

"Fundi, hiyo pool yako inapumua," akasema.

Chirau akamwambia ni bamvua. Maji ya chini ya ardhi hupanda bahari ikijaa, yanasukuma laina kwa nyuma. Kavumbi akamjibu kwamba bahari imekupwa mpaka kwenye mwamba, aende akaangalie. Tena juu ya yale mawe kuna nyayo mbichi zinazunguka, zinazunguka, hazitoki nje ya mawe wala haziingii ndani. Kisha akashusha sauti.

"Na kuna mama huko ndani ya ukuta. Sikutishi, bro. Anaongea poa, na heshima. Anasema anaitwa Mwanarusi. Anauliza fundi yuko wapi amtoe. Unamjua?"

Chirau akatazama chini.

"Simjui," akasema.

Akaingia. Akapiga magoti ukingoni na ndoo yake ya saruji, akajilazimisha kujaza nafasi ya kwanza, na ya pili, na harufu ya marashi ikapanda kutoka kwenye mawe kama joto linavyopanda kwenye lami, mpaka akaisikia kooni, na hapo ndipo alipoona laina ya upande wa kina kirefu ikivimba polepole chini ya maji, si kama plastiki inavyovimba kwa hewa bali kama shuka linavyovimba juu ya mtu anayejigeuza usingizini, kwanza bega, kisha kiganja kilichokunjuliwa, kisha, mkabala na uso wake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angegusa, uso, pua na kidevu alivyovijua kwa miaka yote ya ndoa, na plastiki ya buluu ikavutwa ndani pale penye mdomo, ikatoka, ikavutwa tena, kama mtu anayetafuta pumzi. Akaacha ndoo, akaacha mwiko, akamkumba Kavumbi langoni, akapanda pikipiki, asimwambie mtu.

Hapo angesema. Mtu mwingine angefika nyumbani akaanguka miguuni pa mkewe. Yeye alifika akakaa barazani, akamsikiza akikohoa.

Majirani ndio waliomleta Mwalimu Mbarak kutoka Majoreni. Mzee mfupi, husomea watu, hana subira na mtu anayelia kabla ya kuulizwa. Aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akamimina maji ili maandishi yayeyuke mgonjwa anywe. Maji yalipogusa sahani yakanuka dawa ya bwawa, na zafarani haikuyeyuka. Mwalimu akaiweka sahani chini. Akasoma mpaka jua likaelekea kuzama. Watu chumbani wakarudi nyuma ukutani, kwani Mwanarusi alikuwa ameketi kitandani mgongo wima, na maji yanamtoka puani taratibu, na aliyesema kwa mdomo wake hakuwa yeye.

"Hamjambo," ilisema ile sauti. "Sina ugomvi na huyu. Ni mwenzetu. Nimefuata jina nililopewa."

"Nani aliyekupa?" akauliza Mwalimu.

Mwanarusi akageuza shingo, akamtazama kila mtu aliyekuwemo, mmoja mmoja, macho yakampita Chirau bila kusimama. Mwalimu akasema aliyelitoa jina hilo alirudishe kwa kinywa chake, mbele ya mwenyewe, na pale lilipokuwa aweke lake. Chirau alikuwa amesimama karibu na mlango, akatazama darini, kama wengine.

Unajua alifanya nini? Alitoka akakodi gari.

Alfajiri alikuwa Diani anayang'oa mawe. Nyundo na tindo, jiwe baada ya jiwe, bila kupunguza maji, bila kuiondoa laina kwenye reli kwanza, kazi ambayo angempigia kelele mtu mwingine akiifanya. Reli ikapinda, upindo ukachomoka, na laina ikateleza kwenye maji upande mzima, ukuta ukabaki uchi. Nyuma ya ile laina hakukuwa na mtu. Kulikuwa na alama tu kwenye zege, mbichi, za magoti na viganja, kutoka juu hadi chini, zimepangana kama wanawake wanaosali safu nyuma ya safu, na zile za safu ya mbele zilikuwa bado zinatiririka. Kavumbi alimsaidia kupakia. Kavumbi, ambaye hakuwa na kosa lolote, alilia. Mawe yakarudishwa Bodo, yakalazwa mbele ya pango kila moja mahali pake, na Chirau akachoma ubani mwingi kuliko wa kwanza. Akarudi nyumbani mikono inavuja damu, akitarajia kumkuta mkewe anapika.

Alimkuta amelala, kifua kinatoa mlio wa mtungi unaojaa. Mwalimu alikuwa bado kitako.

"Nimeyarudisha," Chirau akasema.

"Nani alidai mawe?" Mwalimu akamuuliza.

Hapo akavunjika. Alipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya mama mkwe aliyerudi kutoka Jego, mbele ya majirani ambao kesho wangelitangaza hadi Vanga, akasema yote: pango, mtaimbo, ubani, na kwamba aliogopa kujitaja, akamtaja mkewe.

"Si Mwanarusi," akasema. "Hakunituma, hakujua. Aliyechukua ni mimi, Chirau bin Shutu."

Maji yakakoma kumtoka Mwanarusi puani hapo hapo. Akakohoa mara nyingi, akavuta pumzi kama mtoto aliyezaliwa, na mama yake akamshika mikono akaona vidole vinakunjuka. Watu wakaanza kumshukuru Mungu. Mwalimu akamwambia Chirau kwamba kwa mgonjwa kazi imekwisha, na kwake yeye haijaanza, kisha akaenda uani kutawadha. Majirani, walipoona hali, wakakumbuka mambo yao majumbani. Mama mtu akatoka kwenda kumtafutia bintiye usafiri. Wakabaki mume na mke.

Chirau alikuwa bado yu magotini. Akamuomba radhi. Akasema shetani alimpitia, akasema ile kazi ya Mzungu, akasema hofu, akasema mengi.

Mwanarusi akamwacha amalize. Akajifunga leso, akaweka nyingine begani.

"Nilikuwa ndani ya ukuta ule, baba Twaiba," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kuna giza, na wamejaa wanawake. Nilikusikia ukiongea na mlinzi. Alikuuliza kama unanijua."

 

Nje kulikuwa kunaingia magharibi. Mwanarusi alikuwa anavaa ndara zake pale sauti ilipotoka pembeni mwa chumba, penye mtungi, taratibu, kama ya mgeni mwenye adabu.

"Chirau bin Shutu."

Akaushika upindo wa leso ya mkewe kwa mikono yote miwili. Akamnong'oneza asimwache peke yake humu, hata mpaka Mwalimu amalize kutawadha tu, amfanyie ihsani hiyo moja.

Mwanarusi akavibandua vidole vyake, kimoja kimoja, bila hasira, kama unavyombandua mtoto.

"Itikia," akamwambia. "Unaitwa wewe."

Akatoka, akaufunga mlango.