Jezi Saba za Sufu

Jumatano asubuhi Shatha alifungua duka lake la nguo za michezo, mtaa wa Wattaya, Maskati, akaingia stoo kuchukua jezi za timu. Zilikuwa saba, za sufu ya kondoo wa merino, nyembamba na laini. Wanawake saba walikuwa wazivae Ijumaa kwenye mashindano ya baiskeli mlimani Jabal Akhdar, kisha wakazivae tena nchini Georgia chini ya makoti, kwenye michezo ya theluji.

Alifungua boksi, akatoa ya kwanza, akaipima kifuani. Ilikuwa kama ya mtoto wa chekechea. Kitambaa kimesinyaa, kimekuwa kigumu kama zulia. Zote saba zilikuwa hivyohivyo.

"Semeni," aliita. "Umezichemsha?"

Semeni, msaidizi wake kutoka Tanga, alikuja na ufagio mkononi. "Hapana, madamu. Jumatatu nilizifua kwa maji baridi kama ulivyosema. Ulizishika mwenyewe kabla sijazipanga."

Talal, mwenye duka la mkabala, alikuwa ameshafika mlangoni kusikiliza. Mbele yake Shatha akamwita Semeni mharibifu, akamwambia akafunge mizigo yake arudi kwao.

Adhuhuri alimpigia simu ami yake, Yaqoob, aliyestaafu upelelezi wa polisi. Mzee alikuja, akavuta kiti, akaziweka jezi mapajani.

"Nani alikuja hapa jana?"

"Hakuna mtu, Ami. Jana nilifunga duka."

"Kufuli limevunjwa?"

"Halijaguswa. Ufunguo tunao mimi na Semeni. Na Wadha, lakini huyo ni kama dada yangu."

Yaqoob alimgeukia Talal, aliyekuwa amerudi mlangoni. Duka lake liliuza jezi za nyuzi za plastiki, na Jumatatu alikuwa amezitomasatomasa hizi za sufu huku akicheka.

"Nilicheka, sikatai," alisema Talal. "Nani anavaa sufu Maskati? Lakini wateja wangu watatu wamehamia kwake, na joto hili hili. Kijicho nnacho, mzee. Ufunguo sina." Akavuka kurudi dukani kwake.

Kisha Yaqoob alimuuliza Semeni alizikausha wapi.

"Hapa stoo, kivulini, nimezilaza juu ya meza. Jua la hapa, baba, ukimaliza kuanika mwisho wa kamba, za mwanzo zimeshakauka. Sufu haitaki hivyo."

Yaqoob aliikunjua jezi moja kwapani. Ndani ya kitambaa kilichoshikamana mlikuwa na manyoyamanyoya madogo ya pamba, ya kijani. Alijaribu kuyachomoa, yakakataa. Yalikuwa yameganda pamoja na sufu yenyewe.

"Hapa dukani mna kitu cha pamba cha kijani?"

"Hatuna," alijibu Shatha.

Wakati huo Wadha aliingia na chombo cha harisi, ngano iliyopondwa na nyama. Alikuwa binti wa ami mwingine wa Shatha, na alikuwa na saluni yake ya wanawake huko Sib. Alimkumbatia Shatha, akaitazama jezi, akatikisa kichwa.

"Pole, bint ami. Ami, Shatha kaniambia kwenye simu. Mtu hajui sufu, anazitia kwenye mashine ya kukaushia, zitabaki?"

Yaqoob alimgeukia Shatha. "Shatha, ulimwambia nini kwenye simu?"

"Kwamba Semeni kazichemsha."

"Mnazungumza maji moto tangu asubuhi. Mashine ya kukaushia kaitaja Wadha peke yake. Hapa haipo, na kwa jua hili wachache wanayo majumbani." Akainua jezi. "Wadha, taulo za saluni yako zina rangi gani?"



"Kijani," alisema Shatha polepole.

Wadha aliweka chombo mezani.

"Jumatatu usiku nilikaa na wanangu kukuangalia kwenye televisheni," alimwambia Shatha. "Nikakusikia ukisema ulipotetemeka kule Georgia uliingia dukani, ukanunua fulana ya sufu, wazo likakujia. Fulana ile niliivua mwilini mwangu nikakuvisha wewe. Nikashuka mlima nimevaa koti tupu, meno yanagongana. Na hotelini mimi ndiye niliyesema, tuuzeni hizi nyumbani. Mwanangu akaniuliza, mama, si wewe uliyetuhadithia haya? Nikaizima televisheni. Jana nikaja na ufunguo wangu, nikazichukua, nikazifua na kuzikausha mashineni pamoja na mataulo, kisha nikazirudisha boksini."

"Ungeniambia, Wadha."

"Nikuombe unitaje?"

Shatha aliinamisha macho. Yote yalikuwa kweli.

"Na huyu?" Yaqoob alimwonyesha Semeni. "Ulijua atasingiziwa yeye."

"Nilijua," alisema Wadha. Hapo tu sauti yake ilipasuka.

Yaqoob alisimama. "Nyinyi wawili ni damu yangu, kwa hiyo sihukumu mimi. Semeni, mwanangu, aliyechafuliwa jina ni wewe. Ukitaka polisi, gari iko nje."

Semeni alifikiri, vidole vyake vikilisugua zulia lile lililokuwa jezi.

"Polisi hapana, baba. Lakini madamu alinitukana mbele ya Talal, na mpaka sasa mtaa mzima unajua. Waende wote wawili, duka kwa duka. Wadha aseme alichokifanya. Madamu aseme alichonisingizia. Mimi nitakuwa pembeni nasikiliza."

Wadha ndiye aliyetoka kwanza. Shatha alimfuata, Semeni nyuma yao. Jua lilikuwa kali, na Talal alipowaona wanavuka barabara alisimama, akawafungulia mlango.

"Talal," alianza Wadha, "sikiliza."