Sikio la Leonard

Regina alikuwa mwepesi wa kinyaa tangu utotoni, na siku hiyo pale sokoni Mwembesongo nusura atapike. Kwenye meza ya urembo, mama mmoja jasho likimtiririka alichomeka hereni sikioni, akajitazama kiooni, akaichomoa, akairudisha kwenye kadi yake. Binti mwingine akaidaka ileile, naye achomeke!

"Khaa! We kaka, huoni aibu?" Regina akamfokea muuzaji. "Nta ya sikio la huyu unamuuzia yule? Hereni haijaribiwi hivyo! Unaishikilia pembeni ya shavu, unaangalia kioo, basi."

Wateja wakatawanyika. Muuzaji, kijana mrefu mwenye shati la kitenge lililonyooka kwa pasi, akabaki anatabasamu.

"Naitwa Leonard. Umenifukuzia wateja, dada. Nipe basi namba yako, nikuulize na sheria nyingine."

"Kwa mikono hiyo? Kanawe kwanza!"

Akaenda bombani, akanawa kwa sabuni, akarudi akimwonyesha viganja mbele na nyuma. Regina akacheka bila kupenda, akampa.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Wewe umenawa?"

Kila siku hivyohivyo, na Regina akiwa kwenye cherehani yake anacheka peke yake. Alimweleza kwamba yeye na hereni za bei poa hawapatani: zikimgusa tu, masikio yanavimba na kutoa maji. Leonard akaahidi kumtafutia zisizomdhuru. Baada ya miezi sita wakapanga siku: Jumamosi aje Matombo na mshenga, kwa Gervas, mjomba wake Regina. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Akikataa yeye, hakuna ndoa.

Wiki moja kabla, Leonard akamletea kiboksi. Alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyomfunika masikio, na jua la Morogoro lile! Alipoondoka, Regina akafungua. Hereni ndogo, nzuri. Akazisogeza karibu. Mungu wangu! Kwenye kifungo cha moja palikuwa na kitu cha njano kimekaukia, na kinanuka.

Akazitupa sakafuni, akapiga simu.

"Leonard, hizi kazivaa nani?"

"Nilizifuta, mpenzi."

"Nani, nakuuliza!"

"Sisemi kwenye simu. Utanicheka."

"Nicheke? Hapa natapika! Umeniletea masazo ya mwanamke wako!"

Akakata, akaifungia namba yake.

Jumamosi alipanda Matombo kumwambia mjomba asimpokee mtu huyo. Gari likakwama kwenye tope. Alipofika, Leonard na mshenga walishakaribishwa sebuleni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Kaa." Mjomba akamgeukia Leonard. "Kijana, humu ndani hatukai na kofia."

Leonard akaivua polepole. Sikio la kushoto limevimba, jekundu, lina tundu, na tunduni usaha.

"Ptu! Mwanamume katoga sikio!" Mjomba Gervas alikunja uso. "Huyu ndiye wa kuoa kwetu? Mshenga, chukua mtu wako."

Mshenga akainuka.

"Mjomba, nilitoga kwa ajili ya Regina," Leonard alisema, ameinamisha kichwa. "Niliogopa kumpa hereni za kumwozesha masikio. Nimejaribu jozi nne kwenye sikio langu. Tatu zilinitia kidonda. Hizo nilizompa ndizo pekee ambazo hazikunizidishia kidonda. Niliona haya kusema."

Mshenga alikuwa mlangoni tayari. Regina akinyamaza, yamekwisha. Na ile harufu, yalaa, ilikuwa inamfikia pale alipokaa!

"Mjinga wewe," akasema. "Mjinga mkubwa!"

Akaingia jikoni, akarudi na bakuli la maji ya moto yenye chumvi na kitambaa safi. Akapiga magoti kando ya kiti cha Leonard, akalishika lile sikio kwa vidole vyake, akaanza kukamua. Usaha ukamchuruzikia mkononi. Akabana pumzi, machozi yakamtoka, lakini mkono haukuacha.

"Unaniumiza, mpenzi."

"Nyamaza! Mtu mzima hovyo."

Mjomba alibaki kamkodolea macho mpwa wake.

"Regina, wewe? Wewe ambaye kikombe changu mwenyewe huwezi kukinywea maji?"

"Ndiyo, mjomba," Regina alijibu, bila kugeuka.

Mzee akashusha pumzi.

"Mshenga," akasema, "rudi ukae."