Mwezi Uliomwagika

Soko la Somanda lilikuwa limefurika mitumba mwaka ule, na Minza alikuwa anakung'uta gauni moja la maua pale bomba refu lilipomgonga bega. Lilibebwa na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi.

"We kaka, hilo bazuka unalipeleka vitani?"

"Ni darubini ya shule, mrembo. Naitwa Bujiku, nafundisha fizikia. Njoo nikuonyeshe sayari ya Mshtarii na miezi yake minne."

"Wenzako huahidi mwezi mmoja, nao ni waongo. Wewe minne!"

Alikwenda, akaiona. Bujiku alimweleza kwamba watu wa kale waliapa kila kitu kinaizunguka dunia, hadi darubini ilipowaonyesha miezi ile ikiizunguka Mshtarii. Minza akapenda anga, akampenda na mwalimu wake.

Ikabaki ridhaa ya shangazi Kwandu, aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Bila yeye hakuna ndoa. Bujiku alifika jua likizama, akatega darubini uani kwa Kwandu, akaielekeza kwenye mwezi.

"Mwadila, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. "Jicho hudanganywa, lakini chombo hiki hakidanganyi."

Kwandu alikuwa na kipimo chake: mwezi mchanga ukilala kama bakuli umeshika baraka, ukifudikizwa umezimwaga. Aliinama kuchungulia, akainuka amekunja uso.

"Kwa macho yangu umelala vizuri. Lakini kioo chako kisichodanganya kinasema umemwagika. Simtoi mtoto."

Bujiku akacheka! Kwandu akamwonyesha njia.

Kesho yake Minza alimpigia simu shuleni kutoka posta.

"Umemcheka shangazi yangu!"

"Sikumcheka, kipenzi. Darubini ile hupindua vitu juu chini. Nimezoea mno, nikasahau kusema."

"Ukasahau! Mimi nimekosa ndoa, wewe ulisahau! Ilete leo, jua likiwaka."

Alipoileta, Minza mwenyewe aliielekeza kwa mbuzi wa jirani. Kwandu akachungulia. Mbuzi walikuwa wanatembea miguu juu. Aliinua kichwa, akawatazama mbuzi kwa macho yake, akachungulia tena.

"Kumbe kinadanganya."

"Kinapindua, mayu." Bujiku alichuchumaa mbele yake. "Sisi tunaoitumia huvigeuza vitu kichwani. Nilijisifu, nisamehe."

"Na siku ukimwona mwanangu amekosea, utamgeuza hivyohivyo kichwani kabla hujamhukumu?"

Bujiku aliitazama darubini, kisha akamtazama Minza. Minza alitamani kumsukuma aseme ndiyo.

"Nitajitahidi, mayu. Kuna siku nitashindwa."

Kwandu alimtazama kwa macho yake mawili, bila kioo.

"Lete wazee wako," akasema.

Minza akakaa palepale vumbini na gauni lake safi, akalia bila haya.